Gesi ya Kegi Inakwenda Wapi? Kusaka na Kuziba Panapovuja

Unafungua koki, bia inatoka kwa unyonge, inakohoa mara mbili, inakata. Ukitazama geji, mshale umelala kwenye sifuri, na mtungi wa gesi ulijazwa juzi tu. Hapo wengi wanaopika bia nyumbani hukimbilia sabuni na brashi. Wanapaka povu kila kiungo, hawaoni kitu, wananunua pakiti nzima ya oringi (pete za mpira za kuziba viungo) na kubadilisha zote kwa mpigo, na mtungi wa pili nao unayoyoma vilevile.

Sabuni ni chombo kizuri, ila zamu yake huja mwisho. Kabla hujaishika, jua kwanza gesi inatokea upande gani: kwenye mtungi na regyuleta (kifaa kinachopunguza presha ya mtungi), kwenye mipira na viungo vyake, au kwenye kegi yenyewe. Ukishalijua hilo, unabaki na sehemu tatu au nne za kukagua, na sabuni inakuwa na kazi ya maana.

Mfumo ninaouzungumzia ni ule wa kawaida: mtungi wa CO2 (kaboni dioksidi), regyuleta yenye geji mbili, mpira wa gesi, pengine kigawanyio chenye matawi kadhaa, na kegi za Cornelius za lita 19, zile ndefu zenye mfuniko wa umbo la yai na posti mbili juu (midomo ya kuchomekea mipira), moja ya gesi na moja ya bia. Mwenye kegi za kiwandani zenye kapla moja (kichwa cha kuchomekea mpira kwenye kegi) anaweza kufuata karibu kila kitu humu isipokuwa habari za mfuniko na posti.

Kabla ya spana

CO2 ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara moja na nusu, kwa hiyo hutuama chini, na pua yako haitakuonya mapema. Mtungi wa kilo 2.27 ukivuja wote hutoa gesi ya karibu mita 1.2 za ujazo. Kwenye chumba kilichofungwa cha mita 3 kwa 3, chenye dari ya mita 2.5, hiyo ni zaidi ya asilimia 5 ya hewa yote, na asilimia 4 tayari huhesabiwa kuwa hatari kwa uhai. Kile kifaa cha kutambua monoksidi ya kaboni hakisaidii hapa, maana hiyo ni gesi nyingine kabisa. Ukiingia kwenye chumba cha chini au stoo na ukahisi kichwa kizito na pumzi zinakwenda mbio, toka, acha mlango wazi, urudi baadaye.

La pili: usilegeze posti wala kiungo chochote chenye presha. Funga mtungi, vuta vali ya usalama ya kegi mpaka mlio uishe, ndipo ushike spana. Posti inayong'oka ikiwa na presha nyuma yake huruka kama risasi.

Je, inavuja kweli?

Sehemu kubwa ya malalamiko ya gesi kuvuja hayahusiani na kuvuja kokote, kwa hiyo tuanzie hapa.

Geji ya upande wa mtungi inadanganya watu kila siku. Ndani ya mtungi CO2 ni kimiminika, na presha yake inafuata joto, haifuati kiasi kilichobaki. Kwenye nyuzi 20 itasoma karibu bar 57 mtungi ukiwa umejaa, na itasoma hivyohivyo ukiwa umebaki nusu. Uingize mtungi huohuo kwenye friji ya nyuzi 4, itashuka mpaka karibu bar 38 bila hata chembe ya gesi kupotea. Kimiminika kikiisha ndipo mshale huporomoka, na kuanzia hapo huna muda mrefu. Anayetaka kujua ana gesi kiasi gani apime kwa mizani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye shingo yake. Utoe kwenye uzito unaousoma, baada ya kuitoa regyuleta, na kinachobaki ndiyo gesi.

Kisha piga hesabu ya matumizi. Kuitia gesi bia ya lita 19 kwa kiwango cha kawaida kunataka gramu 95 hivi, ukipunguza kidogo kwa ile iliyobaki tangu uchachushaji. Kuisukuma bia yote itoke kwa presha ya bar 0.8 kunakula gramu 65 nyingine. Ongeza ile unayopuliza kutoa hewa kwenye kegi mpya, na bado mtungi wa kilo 2.27 unapaswa kuhudumia kegi kumi na zaidi. Ukipata nane, labda wewe ni mkarimu wa kupuliza. Ukipata tatu, gesi inavuja.

Kuna na hili linalowasumbua wageni: umejaza kegi bia mpya baridi, ukaipa bar 2, ukafunga gesi, na asubuhi presha imekwisha. Hiyo ni bia inakunywa gesi, ndiyo kazi uliyoipa. Usipime uvujaji kwa kegi yenye bia ambayo haijashiba gesi. Tumia kegi tupu.

Na joto pia lina sehemu yake hata kwenye kegi tupu. Kegi iliyopewa bar 2 kwenye nyuzi 25, ikihamishiwa kwenye friji ya nyuzi 4, itasoma karibu bar 1.8 ikiwa salama kabisa. Kwa hiyo kila kipimo kianze na kuishia kwenye joto lilelile.

Gawanya mfumo

Chomoa kegi zote. Fungua mtungi, weka regyuleta kwenye bar 2 hivi, acha gesi ijae mpaka mwisho wa mipira, kisha funga vali ya mtungi. Vali ya mtungi, usikose hapo, kwa sababu mtungi ukibaki wazi utaendelea kulipia kinachovuja na geji hazitakuambia kitu. Andika namba za geji zote mbili.

Sasa tazama geji ya upande wa mtungi. Kati ya vali ya mtungi na regyuleta kuna nafasi ndogo mno ya gesi, kwa hiyo hata upotevu mdogo unaonekana haraka pale. Jambo linalochanganya ni kwamba geji hiyo itashuka hata kama tundu liko mbele kwenye mipira, kwa kuwa regyuleta inaendelea kuchukua gesi ya nyuma ili kujaza pengo la mbele. Geji ndogo, ya upande wa mipira, itatulia kwenye bar 2 huku ile kubwa ya upande wa mtungi ikiyeyuka, na mtu atajifariji kwamba upande wa chini uko sawa.

Dawa yake ni koki ndogo iliyoko pale gesi inapotoka kwenye regyuleta kwenda kwenye mipira. Rudia kipimo ukiwa umeifunga. Ikiwa geji kubwa bado inashuka, kosa liko kwenye mtungi, kwenye kiungo cha mtungi na regyuleta, au kwenye regyuleta yenyewe. Ikisimama, kosa liko mbele. Fungua koki hiyo, funga matawi yote ya kigawanyio, pima tena. Kisha tawi moja moja. Nusu saa inatosha kwa tundu kubwa. Kwa lile la kizembe, acha usiku kucha.

Kegi zipimwe kila moja peke yake. Nunua geji ndogo na uifunge kwenye kapla ya gesi: ipe kegi tupu bar 2, chomoa mpira, chomeka hiyo geji, ondoka. Kwa maoni yangu hakuna kifaa cha bei ndogo kinachookoa gesi nyingi kama hiki, na ni ajabu kwamba hakiuzwi pamoja na kegi.

Ukishapata upande wenye kosa, dalili zifuatazo zitakupeleka kwenye kiungo chenyewe.

Mtungi mzima umeisha usiku mmoja

Tundu la namna hii mara nyingi linasikika. Zima friji, kaa kimya, tega sikio.

Mshukiwa wa kwanza ni washa iliyo kati ya mtungi na regyuleta. Washa hiyo, ya nailoni au ya faiba, inakandamizwa mara moja na kushika umbo la mtungi ule. Ukiirudisha kwenye mtungi mwingine haikai vizuri tena. Weka mpya kila unapobadilisha mtungi. Ila tazama kwanza mdomo wa regyuleta unaokutana na mtungi: nyingine zina oringi iliyojengewa humohumo, na ukiiongezea washa juu yake unaleta uvujaji ambao haukuwepo. Tepu ya mabomba haina kazi kwenye kiungo hiki. Kinachoziba ni uso kwa uso, thredi zinakaza tu.

Kama povu linatokea kwenye shina la vali ya mtungi, jaribu kuifungua mpaka mwisho, kwa sababu vali nyingi huziba vizuri zikiwa zimefunguka kabisa au zimefungwa kabisa, na huvuja zikiwa katikati. Isipotulia, mrudishie aliyekujazia. Vali ya mtungi haifunguliwi nyumbani.

Kwenye regyuleta kuna sehemu mbili za kutazama. Ile kofia yenye skrubu ya kurekebishia ina kitundu kidogo; kikitoa povu, kiwambo cha ndani kimechanika. Ya pili ni presha inayopanda yenyewe: umeweka bar 0.8, kesho inasoma 1.5, keshokutwa vali ya usalama ya regyuleta inapiga mluzi na kumwaga gesi. Hapo kiti cha vali ya ndani kimeingia uchafu au kimechakaa. Vipo vifurushi vya vipuri kwa regyuleta nyingi, lakini kama huna uzoefu wa kuzifungua, nunua nyingine. Bar 57 si presha ya kujifunzia.

Inaisha polepole, wiki mbili tatu

Huu ndio ugonjwa wa kawaida, na mara nyingi una sababu zaidi ya moja. Ndiyo maana watu huziba tundu moja, wakashangilia, na mtungi ukaisha tena.

Kwenye mipira, anza na klipu. Zile za skrubu hazikazi duara kamili. Pale penye skrubu hubaki pengo, na kwenye mpira mwembamba gesi inapita humo. Klipu za sikio zinazobanwa mara moja kwa koleo hushika pande zote sawa. Viungo vya kusukuma vina masharti mengine: paipu ikatwe wima, isiwe na mikwaruzo nje, na isukumwe mpaka igote. Ukiichomoa, meno ya kiungo yanaacha alama juu yake, kwa hiyo kata kipande kile kabla ya kurudisha. Pia angalia paipu isiwe imepindwa kwa nguvu pale inapoingia. Inaweza kukaa kimya wiki nzima ikiwa imenyooka, na ikaanza kuvuja siku unayofunga mlango wa friji ukaisukuma upande.

Nati za mdomo wa koni, zile zinazokutanisha chuma na chuma, zinahitaji kiwasha (washa ndogo) cha nailoni kati yake. Plastiki kwa chuma hazikihitaji. Zikaze kwa mkono, kisha robo mzunguko kwa spana. Anayezidisha hupasua koni ya plastiki, na ufa wake hauonekani kwa macho.

Tepu ya mabomba mahali pake ni kwenye thredi zinazopungua kipenyo: geji zinapoingia kwenye regyuleta, na viungo vya kigawanyio. Kwingine ni kujipaka vumbi.

Inashika kwenye presha kubwa, inavuja kwenye presha ndogo

Mfuniko. Karibu kila mara ni mfuniko.

Mfuniko wa Cornelius unaingia kutoka ndani, na presha ya kegi yenyewe ndiyo inayoukandamiza kwenye ukingo. Kwenye bar 2 hata oringi iliyochoka inaziba. Shusha mpaka bar 0.5 na mkandamizo unapungua, gesi inaanza kupenya mahali pamoja, mara nyingi kwenye moja ya zile kona mbili za mviringo mkali. Mimina maji ya sabuni kwenye mfereji unaozunguka mfuniko na usubiri. Dakika ya kwanza huoni kitu. Kisha kinatokea kiputo kimoja kidogo kama kichwa cha pini, kinakua pole, kinakaa bila kupasuka, na kingine kinazaliwa pembeni yake. Tundu la hivyo linatosha kumaliza mtungi.

Toa gesi, fungua, toa oringi na uipitishe kati ya vidole viwili ukiwa umefumba macho. Vidole huhisi ufa na mabonde ambayo macho hayaoni. Futa ukingo wa kegi kwa ndani. Unywele mmoja au ganda la shayiri linatosha kuleta balaa lote hili. Paka oringi grisi ya silikoni ya vyombo vya chakula, nyembamba, ya kung'arisha tu. Usitumie mafuta ya mgando ya kujipaka: huvimbisha baadhi ya aina za mpira, na mafuta yakifika kwenye bia povu lake hufa.

Rudisha mfuniko, na kabla ya kubana mkono wake, uvute juu huku ukiingiza gesi kwa bar 2. Utasikia ukikaa. Bana, kisha shusha presha mpaka unayotaka. Kama bado unavuja, ugeuze mfuniko nyuzi 180 ujaribu tena, maana mfuniko na kegi havikuzaliwa pamoja na mara nyingine havipatani upande mmoja. Kegi iliyowahi kuanguka huwa na ukingo uliopinda kidogo. Hapo oringi nene na laini inasaidia, na vikofia vya mpira vya miguu ya mkono wa mfuniko visiwe vimekwisha, maana vikiisha mkono hubana kwa ulegevu.

Inavuja ikichomekwa tu, au ikichomolewa tu

Ikichomekwa tu, tazama oringi ya nje ya posti. Hiyo ndiyo inayosuguana na kapla kila siku, na ndiyo huchanika kwanza. Hakikisha pia kwamba posti hazijabadilishana nafasi wakati wa kuosha. Posti ya gesi kwa kawaida ina alama ndogo zilizochongwa kwenye kona za nati yake. Ya bia haina. Kapla ya gesi ya kijivu ikilazimishwa kwenye posti ya bia huingia kwa shida, hutoka kwa matusi, na katikati ya hayo huvuja.

Ikichomolewa tu, kivali cha springi ndani ya posti hakikai vizuri. Kibonyeze kwa bisibisi mara mbili tatu kwa haraka. Mara nyingi uchafu unapeperuka na kinaziba. Kisipoziba, fungua posti, osha, badilisha. Bia iliyorudi nyuma kwenye mpira wa gesi ikakauka ndiyo huwa chanzo, na hiyo inazuiwa na vali ya njia moja kwenye kigawanyio.

Povu likitokea chini ya posti, kwenye thredi, usikimbilie kukaza. Kuna oringi ndogo chini ya kola ya mrija unaoshuka ndani ya kegi, na kazi ya kuziba hapo ni yake.

Bia imejaa mapovu ndani ya mrija, gesi haionekani kuvuja

Oringi hiyohiyo ndogo, ila upande wa posti ya bia. Ikichakaa, gesi ya juu ya kegi inapenya pembeni mwa mrija huo wa ndani ya kegi na kuchanganyika na bia inayopanda. Nje hakuna kiputo hata kimoja, kipimo cha presha kinapita vizuri, na mwenye kegi anahangaika na urefu wa mrija wa nje wa bia na joto la friji. Tazama mrija mwangavu karibu kabisa na kapla ya bia wakati wa kumimina: mapovu yakianzia pale, badilisha oringi ya senti hiyo kabla ya kugusa kitu kingine.

Inavuja kwenye friji tu

Mpira hukakamaa kwenye baridi na plastiki husinyaa. Kiungo kilichokazwa na kupimwa mezani kinaweza kulegea usiku kikiwa kwenye nyuzi 3. Pima mfumo ukiwa baridi, na baada ya siku moja ya baridi zipitie tena nati na klipu zote.

Jinsi ya kupaka sabuni

Sabuni ya vyombo kidogo kwenye maji, ikorogwe bila kutoa povu jingi. Povu la mwanzo ndilo adui, kwa sababu linaficha viputo unavyovitafuta. Paka kwa brashi laini, mulika kwa tochi kutoka pembeni, subiri dakika tano kwa kila kiungo. Kegi tupu au kipande cha mpira unaweza kukizamisha majini. Regyuleta kamwe usiizamishe. Ukimaliza suuza kwa maji safi.

Ziba kimoja, rudia kipimo, ndipo uende kwa kingine. Na wapo wanaofunga mtungi kila baada ya kumimina wakidhani wamemaliza kazi. Mtungi utaokoka, ni kweli, lakini kegi inayovuja itaendelea kupoteza gesi iliyo ndani ya bia, na baada ya siku chache utakuwa na mtungi uliojaa na bia iliyolala. Fanya hivyo kwa wiki moja ukisubiri vipuri, huku ukiandika uzito wa mtungi kwenye kipande cha tepu ubavuni mwake kila unapoufunga.